MAONI: Tuonyesheni bei yote kabla hatujajisajili

Wiki jana binamu yangu alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kujisajili kwa mafunzo ya urubani wa ndege ndogo. Ya pili ilikuwa ya digrii ya uchanganuzi wa data za biashara katika chuo kikuu. Chini yake akaandika: "Nichukue gani? Ama nichukue zote mbili?"

Nilicheka kwanza. Huyu kijana anaishi Pipeline, Embakasi, mahali ambapo ndege zinazotua JKIA hupita chini kiasi kwamba unasoma maandishi ubavuni. Tangu akiwa darasa la tatu amekuwa akizitambua kwa majina. Hesabu nayo anaipenda, na ndiye anayemwekea mamake rekodi za duka kwenye simu. Kwa hivyo kozi zote mbili zinamfaa. Kilichonichekesha ni kwamba alikuwa ananiuliza mimi, msee ambaye safari yake ya chuo iliishia mwaka wa pili.

Halafu nikafungua zile fomu, na kicheko kikaisha. Ya urubani ilikuwa na picha ya kijana aliyevaa miwani ya jua, jina la kozi kwa herufi kubwa, na ada ya usajili ambayo hairudishwi. Ya digrii ilikuwa na karo ya muhula wa kwanza na nambari ya kulipia. Hakuna hata moja iliyosema jambo ambalo mzazi yeyote angetaka kujua: kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho nitalipa pesa ngapi, na nikimaliza, karatasi nitakayopewa itaniruhusu kufanya nini?

Hilo ndilo ninalotaka tuongelee msimu huu ambapo kila mtu anajaza fomu. Mnajua ukituma mia mbili kwa simu, unaonyeshwa ada kabla ya muamala kukamilika. Hiyo haikutokea kwa bahati. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani nchini (CAK) iliagiza kampuni zinazotoa huduma za pesa kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Sasa fikiria: mtu anayetuma mia mbili analindwa, lakini familia inayouza shamba ili kijana akasomee urubani inaonyeshwa picha ya miwani ya jua.

Tuanze na urubani, kwa sababu huko ndiko pesa huyeyuka haraka.

Leseni ya rubani binafsi, ile watu huita PPL, haitolewi na chuo. Hutolewa na Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA. Chuo kinaweza kukupa cheti, kikakuvisha shati lenye mistari mabegani na kukupiga picha kando ya Cessna pale Wilson. Bila leseni ya KCAA hujawa rubani. Kwa hivyo swali la kwanza kwa shule yoyote ni kama imeidhinishwa na KCAA kufundisha kozi hiyo hasa unayoitaka. Kuna shule inaweza kuwa imeidhinishwa kwa kozi moja na si nyingine. Omba kuona cheti chao, angalia tarehe, kisha piga simu KCAA uthibitishe. Hakuna kosa kuuliza. Ukikasirikiwa kwa kuuliza, tayari umepata jibu.

Masharti yenyewe si siri. Lazima uwe umefikisha miaka 17. Lazima upite mitihani ya nadharia, ikiwemo sheria za anga, hali ya hewa na namna ya kutafuta njia angani. Lazima ujue Kiingereza cha kuzungumza redioni kwa kiwango kinachokubalika kimataifa. Halafu kuna saa za kuruka. Kipimo kinachojulikana ni saa 40, na kumi kati ya hizo uwe peke yako ndani ya ndege, bila mwalimu. Ndani ya hizo kumi kuna safari moja ndefu ya angalau kilomita 270, karibu sawa na Nairobi hadi Kisumu kwa njia ya angani, ambapo unatua katika viwanja viwili tofauti.

Sasa hapo kwa saa 40 ndipo wengi hushikwa. Saa 40 ni kiwango cha chini. Ni wachache humaliza hapo hapo. Mvua ikinyesha huruki. Ukikosa pesa mwezi mzima, ukirudi unarudia ulichosahau, na marudio nayo yanalipiwa. Tufanye hesabu ya mfano tu: ukiambiwa saa moja ni Sh20,000, saa 40 ni Sh800,000. Ukihitaji saa 55, ni Sh1.1 milioni. Hapo bado hujaweka vitabu, ada za mitihani, vifaa vya masikioni, ada za kutua, wala nauli ya kwenda Wilson asubuhi. Petroli ya ndege hizo ndogo hutoka ng'ambo, kwa hivyo dola ikipanda na bei yako ya saa inapanda. Tofauti kati ya 800,000 na milioni moja na ushee si kitu kidogo. Kwa familia nyingi, hiyo ni kozi nzima ya mtoto mwingine.

Na hapa kuna jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila fomu: PPL haikuruhusu kulipwa. Ni kama leseni ya gari la kibinafsi. Unaweza kuendesha, unaweza kubeba marafiki, lakini huwezi kukamata usukani wa matatu kama huna PSV. Ukitaka kulipwa kwa kurusha ndege unahitaji leseni ya rubani wa biashara, CPL. Kiwango cha kimataifa cha leseni hiyo ni saa 200, au 150 kama umefuata kozi moja iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Umri ni miaka 18, na cheti cha afya ni cha daraja la juu zaidi. Rudi kwa hesabu yetu ya mfano: kutoka saa 40 hadi 200 kuna saa 160, yaani Sh3.2 milioni nyingine. Na bado hujagusa ndege ya injini mbili, ambayo kila saa yake ni ghali kushinda hiyo.

Sisemi PPL ni kazi bure. Irene Koki Mutungi alianzia hapo hapo Wilson, akapata leseni ya rubani binafsi, kisha akaenda Oklahoma City, Marekani, kwa ile ya biashara. Mwaka 1995 akaingia Kenya Airways, na mwaka 2014 akawa nahodha wa Dreamliner. Lakini kumbuka pia kwamba babake alikuwa rubani. Silitaji hilo kumpunguzia sifa, kwa sababu mtihani wa angani haufanywi na baba. Nasema tu kwamba nyumbani kwao kulikuwa na mtu wa kuuliza. Binamu yangu hana. Ana mimi na picha za fomu. Ndiyo maana taarifa zisiwe urithi wa watoto wa marubani.

Kwa hivyo nilimwambia binamu: kabla ya shule, nenda kwa daktari. Si daktari yeyote wa mtaani bali yule aliyeidhinishwa na KCAA kupima marubani. PPL inahitaji cheti cha afya cha daraja la pili, lakini kama ndoto yako ni kazi, omba upimwe kwa daraja la kwanza tangu mwanzo. Wataangalia macho, masikio, moyo, na uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani pekee si kikwazo, kwa hivyo usijifungie nje kabla hujapimwa. Lakini afadhali ujue mapema kama kuna tatizo, ukiwa umelipa ada ya daktari tu, kuliko kujua baada ya saa 30 angani.

Sasa twende kwa ile digrii ya data.

Huku mambo ni kinyume. Urubani una sheria hadi kwenye kope za macho, lakini uchanganuzi wa data hauna leseni. Hakuna mtu atakukamata ukichanganua mauzo ya duka la mamako bila digrii. Mwajiri anataka kuona kama unaweza kuchukua data chafu, ukaisafisha, ukaipanga na ukamwambia kwa nini mauzo yalianguka mwezi wa tatu. Karatasi inafungua mlango, lakini ukishaingia utaambiwa keti hapa, fungua kompyuta, tuonyeshe.

Kwa hivyo jina la kozi halitoshi. Sikuhizi neno "data" linabandikwa kwa kila kitu, kama vile kila kibanda cha chipsi sasa ni hoteli. Omba orodha ya uniti zote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne. Ukiona takwimu, hifadhidata, SQL, Python au R, na mradi wa kweli mwaka wa mwisho, hiyo ni kozi. Ukiona uniti 30 za usimamizi wa biashara na moja ya Excel, hiyo ni digrii ya biashara iliyobadilisha shati. Si vibaya kuisoma, lakini uisome ukijua ni nini. Hakikisha pia programu hiyo imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kuwa halali hakumaanishi kila kozi yake ni halali. Tume ina orodha kwa tovuti yake, na kuangalia ni dakika tano.

Na uzuri wa data ni kwamba unaweza kuionja kabla hujalipa. Shirika la Takwimu, KNBS, limeweka matokeo ya sensa ya 2019 kwa tovuti yake bila malipo. Chukua kaunti yako, weka idadi ya watu na ya nyumba kwenye jedwali, jiulize swali moja na ulijibu. Ukipotelea humo hadi saa saba usiku bila kuskia usingizi, jisajili. Ukichoka baada ya dakika kumi, umeokoa miaka minne.

Hapa acha niseme kwa nini jambo hili linanikera kibinafsi. Nilijisajili chuo, sitakitaja, kwa digrii ya biashara. Barua ya kuitwa ilitaja karo ya muhula, na mathe akafanya hesabu yake kwa hiyo namba. Anauza mboga na ni mwanachama wa chama cha wamama kumi na wawili, kwa hivyo hesabu zake huwa hazikosei. Kisha nikafika. Kukawa na ada ya kitambulisho, ada ya maktaba, ada ya mitihani, ada ya matibabu, ada ya kompyuta ambazo nusu hazikuwa zinawaka. Laptopu ikawa lazima. Kila moja ilikuwa pesa kidogo. Zote pamoja zilikuwa karibu robo ya karo.

Tulisukuma hivyo hadi mwaka wa pili. Muhula mmoja nikabaki na deni la Sh38,000, na portali ikakataa kunisajilia uniti. Niliendelea kuingia darasani, nikafanya kazi zote za vikundi, nikaandika majaribio. Wiki ya mitihani sikuwa na kadi, na kwa rekodi zao sikuwa nimesoma chochote muhula huo. Niliambiwa nirudie mwaka unaofuata, nikilipa upya. Sikurudi. Mathe hajawahi kunilaumu. Husema tu, "Wangeniambia mapema, ningejipanga." Hiyo sentensi ndiyo makala haya yote.

Najua jibu la vyuo. Watasema gharama hubadilika. Dola hupanda, mafuta hupanda, na mwanafunzi mmoja hushika kuruka haraka kuliko mwingine, kwa hivyo watatajaje jumla? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini hata fundi wa paa hukupa makadirio. Andikeni bei ya chini na bei ambayo mwanafunzi wa kawaida huishia kulipa. Andikeni tarehe ya makadirio hayo na kinachoweza kuyabadilisha. University of North Dakota kule Marekani, ambayo imefundisha marubani kwa miaka mingi, huorodhesha gharama za kuruka kando na karo ya kawaida, ili mzazi aone zote mbili. Hapa kwetu KUCCPS huonyesha gharama kando ya kozi wanafunzi wanapochagua. Kwa hivyo inawezekana.

Na si huruma tunayoomba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinasema mtumiaji wa huduma ana haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Elimu tunayoilipia ni huduma. Wizara ya Elimu, CUE na KCAA wangeweza kukubaliana kuhusu ukurasa mmoja tu, ambao kila fomu ya usajili lazima iwe nao. Uwe na mambo matano: jumla ya gharama hadi kumaliza, nani ameidhinisha kozi, karatasi ya mwisho inakuruhusu kufanya nini na haikuruhusu nini, masharti ya kurudishiwa pesa ukiacha, na kinachotokea ukibaki na deni. Mwanafunzi asaini ukurasa huo kabla ya kulipa hata shilingi. Chuo kinachofundisha vizuri hakina cha kuogopa hapo.

Tukingoja ukurasa huo, tujilinde wenyewe. Usilipe saa zote za kuruka kwa mpigo, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa kidogo kidogo, ruka, kisha lipa tena. Hakikisha kila saa imeandikwa kwenye logibuku yako na kusainiwa, kwa sababu hizo saa ni zako hata shule ikifunga milango. Ukipewa ofa ya kusomea urubani ng'ambo, kumbuka leseni ya huko utalazimika kuibadilisha KCAA ukirudi, na hiyo ni gharama nyingine. Kama unategemea HELB, uliza kwa maandishi ni sehemu gani ya kozi itagharamiwa. Na usiskie aibu kusema, "Nitarudi nikishaongea na mzazi."

Sasa swali la binamu: achukue zote mbili?

Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa siku moja. Anayesema ni tamaa hakumbuki 2020. Machi mwaka huo Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na hazikurejea hadi Agosti. Marubani wenye maelfu ya saa walikaa nyumbani kama sisi wengine. Kisha kuna afya: leseni yako inategemea kipimo cha daktari maisha yako yote, na macho au moyo vinaweza kukugeuka ukiwa na miaka 35. Mtu mwenye digrii ya data hapo ana mahali pa kukanyaga. Na kazi zenyewe zinakutana. Shirika la ndege linaishi kwa hesabu za viti, mafuta na ucheleweshaji. Rubani anayesoma hizo namba ana kitu cha ziada mkononi.

Ila utaratibu ni muhimu. Digrii ina kalenda. Ukikosa tarehe ya kusajili uniti, muhula umekwenda, niulize mimi. Kuruka hakuna muhula. Kwa hivyo digrii itangulie na ipate pesa kwanza. Saa za kuruka ziwekwe kwenye likizo ndefu, zikifuatana, ili usilipie kusahau. Asubuhi mapema ndiyo hewa tulivu ya kujifunza, na ndiyo pia saa ya mihadhara, kwa hivyo usijidanganye kwamba utatoka Wilson saa nne ufike darasani saa nne. Na kama pesa ni za kozi moja tu, soma ile moja umalize. Wilson haihami.

Binamu hakujibu kwa siku mbili. Nilidhani nimemkatisha tamaa, na hiyo ingenisumbua, kwa sababu mtoto wa Pipeline ana haki ya kuangalia juu kama mtoto wa Karen. Jana usiku akanitumia picha ya tatu. Haikuwa fomu. Ilikuwa karatasi ya daftari aliyoandika maswali kumi na moja, na la kwanza likisema: "Jumla ni ngapi hadi nimalize?" Kesho anaenda kuyauliza, na mamake ataenda naye.

Ada ya usajili bado iko kwa simu yake. Ibaki hapo hadi wamjibu.